Karavani Iliyovaa Polishi ya Sakafu

Aprili 14

Mimi, Arvid Koskela, ningepewa mwezi niusugue siku mbili tu, dunia nzima ingelala imeziba madirisha kwa mwanga. Yale madoa mnayoyaona kule juu yapo kwa sababu hakuna aliyeniita. Shule niliiacha darasa la kumi na moja, na si kwa ujinga. Aljebra na mimi tulitazamana, tukaona hatuwezi kukaa chumba kimoja. Lakini nipe ndoo, sponji na kitu kichafu, halafu kaa kando utazame.

Kitu kichafu cha mwaka huu ni karavani ya Babu Waino na Bibi Lempi. Ni nyumba ya magurudumu iliyotengenezwa kabla mama yangu hajamjua baba yangu. Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, wazee hawa wanaufunga mlango wa nyumba ya mjini na kuja hapa kambini, kiwanja cha mwisho kabisa, ziwa mlangoni na sauna ya kuni, ya kuogea mvuke, nyuma. Wanakaa mpaka majani ya miti yaanguke. Bibi anasema huko mjini anaishi, hapa anapumua.

Sasa kambi imeuzwa. Msimamizi mpya, Bi Trudeau, kaja leo na kigari chake cha umeme, theluji bado iko magotini. Kasema karavani yoyote iliyozidi miaka kumi itakaguliwa Juni kumi na nne. Ikionekana imechoka, inavutwa inaondoka, na kiwanja anapewa mwingine. Foleni ya wanaovitaka viwanja ni ndefu.

"Yetu haijachoka," Babu akamwambia. "Inang'aa kuliko hicho kikapu chako cha umeme."

Bi Trudeau akaitazama karavani, akanitazama mimi, akawasha kigari akaondoka, uso umekaza. Nilijua kaona nini. Ukuta wetu ni wa faiba, plastiki ngumu kama ya mashua, na una rangi ya meno ya mvuta sigara. Tena unabanduka vipandevipande kama mgongo wa mtu aliyeungua jua. Sababu yake ni Babu mwenyewe. Alikuwa msafishaji wa shule ya mji kwa miaka mingi, na korido zake ziling'aa mpaka wasichana walizitumia kama kioo. Faiba ya karavani ilipoanza kufifia, akaipaka polishi ileile ya sakafu. Iling'aa! Kambi nzima ikamwiga. Basi kila mwaka akaongeza mkono mmoja, yaani tabaka moja, juu ya mwingine, juu ya mwingine, na ile ya zamani huko chini ikawa inageuka manjano polepole. Nusu ya karavani za hapa zimevaa sakafu ya shule.

Nimemwambia Bibi asihofu. Juni iko mbali, na mimi niko karibu.

Aprili 17

Theluji tena. Nimekula pasti tatu, zile sambusa kubwa za kuokwa, za nyama na viazi. Kazi imeendelea tumboni.

Aprili 23

Leo nimeosha kwa mara ya kwanza. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, brashi ya mpini mrefu, kuanzia chini kwenda juu ili sabuni isiache michirizi, halafu kusuuza kuanzia juu kwenda chini. Michirizi myeusi iliyoshuka kutoka kwenye paa imetoka. Ukungu wa kijani kwenye kona za madirisha umetoka. Manjano hayakutoka. Yamezidi kuonekana, kama mtu aliyenawa uso ukagundua kumbe si vumbi, ndivyo alivyo.

"Babu," nikasema, "njano hii ni polishi. Lazima ibanduliwe yote."

Babu alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, kikombe cha kahawa gotini. "Njano ipi?"

"Hii hapa. Na hii. Na pale pote."

"Karavani hii ni nyeupe kama maziwa."

"Maziwa ya ng'ombe gani, Babu?"

"Wa mjomba wangu, aliyewafundisha watoto wake adabu. Utaongeza mikono miwili juu, ya kwanza mlalo, ya pili wima, kama ninavyofanya siku zote. Basi."

Nilimtazama nikidhani anatania. Babu hatanii akiwa na kahawa mkononi.

Aprili 24

Mvua. Babu kanuna. Bibi kafuma soksi moja.

Mei 2

Bi Trudeau kapita kuonya watu mapema. Mimi namwita Mama Kitambaa, kwa sababu anatembea na kitambaa cheusi mfukoni. Anakisugua ukutani, kisha anakunyooshea kama polisi aliyekamata bangi. Faiba iliyokufa ngozi yake inatoa unga mweupe kama chaki. Kwa jirani yetu Hubert, kitambaa kilitoka kama kimefuta ubao wa darasa. Hubert akasema ni chavua ya maua. Kuna theluji bado kwenye kivuli, bwana Hubert! Chavua ya ua gani?

Kwetu kitambaa kilitoka safi. Babu akavimba kifua. Nami nikavimba, maana sura yetu ni moja.

"Unga haupo," Bi Trudeau akasema, "lakini mzee wangu, ukuta wako unabanduka, na ni wa njano."

"Wewe mama, una matatizo ya macho," Babu akamjibu.

Nilimchukia yule mama pale pale. Mtu mwenye viatu safi namna ile kwenye matope ana jambo anaficha.

 Jioni nikamkuta Bibi anafunga vikombe vyake kwa magazeti, kimoja kimoja, anavipanga kwenye sanduku. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Navipumzisha." Vikombe havipumzishwi. Anajiandaa kufukuzwa.

Mei 5

Nimetii amri. Mikono miwili ya polishi, mlalo na wima. Nilipaka vizuri mno, kama ningekuwa korido ningejipenda. Ila kulikuwa na baridi, na saa kumi ukashuka unyevu kutoka ziwani kabla polishi haijakauka. Ukuta wote ukageuka ukungu, mweupe wa maziwa yaliyoganda, huwezi kuona hata kivuli chako.

Babu akatoka, akautazama kwa karibu mpaka pua ikagusa. Nilikuwa nimeshajiandaa kukimbia.

"Sasa si unaona?" akasema. "Nyeupe."

Mei 6

Jua limetoka. Ukungu umekauka. Njano imerudi na ndugu zake.

Mei 11

Visubi wameanguliwa. Wameniuma nyuma ya masikio mpaka kofia hainitoshi. Sijafanya chochote na sijutii.

Mei 16

Leo nimegundua jambo, na la pili, na la pili linalipiga la kwanza mateke.

La kwanza: Bibi ana dawa ya kubandulia polishi. Mtungi mzima, chini ya kitanda, umefunikwa kwa kanga ya kupigia pasi nguo. Ni ile waliyotumia shuleni wakati wa likizo kuvua sakafu polishi ya mwaka. Kauficha huko miaka na miaka.

"Bibi! Kumbe unajua kuwa ni njano?"

"Nina macho, Arvid."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia mara moja. Hakula siku mbili." Akauvuta mtungi, akanikabidhi kama anayenipa mtoto. "Upande wa vichakani. Yeye haendi huko. Jaribu padogo, na usimwage kwenye mapambo ya rangi."

Nikajaribu padogo, kona ya chini. Unalowesha, unasubiri, polishi inalainika inakuwa kama ute wa bamia, unaikwangua kwa sponji ngumu kabla haijakauka tena, unasuuza sana. Harufu ya amonia ilinitoa machozi ambayo sijawahi kulia hata kwenye msiba. Na chini yake, jamani! Faiba nyeupe, kavu kidogo, imepauka, lakini nyeupe. Kipande cha ukubwa wa sahani. Nilikaa kukitazama kama picha ya mchumba.

La pili: wakati narudi na ndoo nikamwona Babu mbele ya karavani anamfokea mbwa wa Hubert. "Toka! Nenda kwenu! Toka nimesema!" Anapiga makofi, anakanyaga chini. Nikaangalia. Hakuna mbwa. Alikuwa anakifokea kisiki.

Nikamwambia Bibi. Akaweka chini sindano za kufumia. "Jana kamimina kahawa mezani," akasema, "akanilaumu mimi kwa kusogeza kikombe."

Tukatazamana. Mimi nilidhani Babu ni mbishi. Kweli ni mbishi, lakini kumbe haoni.

Mei 20

Siku mbaya. Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi Babu alikwenda kuchanja kuni za sauna, nami nikaenda upande wa vichakani na mtungi. Sahani ikawa meza, meza ikawa mlango. Nilinogewa. Nilikuwa naimba hata. Upepo ukageuka ukapeleka harufu mpaka kwenye kuni, na mtu aliyevua sakafu za shule maisha yake yote hahitaji kuona ili ajue harufu ile.

Alikuja anapapasa ukuta kwa kiganja, akitembea polepole. Kiganja kikateleza kwenye polishi, kikateleza, kikateleza, halafu kikafika penye faiba tupu. Kikasimama. Akarudisha nyuma, akapeleka mbele tena.

"Umeivua," akasema.

"Babu, ilikuwa imeoza. Haki ya Mungu ni njano, kila mtu anaona."

"Kila mtu nani?"

Nikakamua sponji. Ningemtaja Bibi ningekuwa msaliti.

"Nimeipaka kila mwaka," akasema. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mama yako akiwa mdogo nimeipaka. Goti lilipokufa nimeipaka kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ngazi. Wewe huna hata ndevu umekuja kuivua kama ganda la ndizi."

"Wiki tatu zimebaki! Watawafukuza, Babu! Bibi amefunga vikombe!"

"Vikombe gani?"

Basi nikajua hata hilo hakuliona. Vikombe vimeondoka rafuni karibu wiki tatu nzima naye anakunywa kahawa kwenye kopo la bati bila kuuliza.

Alichukua kiti chake cha kukunja akakiweka mbele ya karavani, akakaa, fimbo magotini. Mlinzi. Nikisogea na ndoo, fimbo inanyanyuka. Nikisogea bila ndoo, inanyanyuka pia. Chakula cha mchana kakataa. Bibi akamletea mkate mtamu wa iliki, ule ambao hajawahi kuukataa tangu waoane. Akaukataa.

Nilikwenda kuketi gatini nikalitupia ziwa mawe. Nilitaka kurudi mjini. Nilitaka pia karavani ile ivutwe kesho, tuone kama fimbo itasaidia. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Mei 21

Bado amekaa. Mvua imemnyeshea. Nimemwekea mwavuli, hajasema asante, hajautupa.

Mei 27

Bibi ni mwongo wa kiwango cha juu, na mimi nilidhani nimejifunza uongo mtaani! Kamwambia Babu leseni yake ya gari inakaribia kwisha, na safari hii wanataka cheti cha macho. Babu anaipenda leseni kuliko mimi. Akavaa shati la harusi.

Daktari akamtazama dakika chache tu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, tena wa muda mrefu. Akatueleza kuwa lenzi ya jicho la binadamu ikizeeka hivyo inageuka manjano polepole, na mtu hajui, maana kila kitu kinageuka pamoja.

Nilimtazama Bibi. Bibi alinitazama. Tulitoka nje tukacheka mpaka yule dada wa mapokezi akatuletea maji. Polishi imegeuka manjano mwaka kwa mwaka, na jicho nalo limegeuka manjano mwaka kwa mwaka, sambamba! Kwake yeye karavani ilikuwa nyeupe kweli. Hakuwa anabisha hata kidogo.

Kisha Bibi akaacha kucheka akafuta macho kwa kiganja. "Miaka yote hiyo," akasema, "nilidhani ananidharau."

Jicho la kulia linafanyiwa upasuaji Juni tatu. Babu kauliza swali moja tu: "Nitaendesha?"

Juni 3

Kafanyiwa. Salama. Kafunikwa jicho kama haramia. Kalalamikia supu.

Juni 4

Wanangu nitakaowazaa, someni hapa.

Asubuhi daktari kaondoa kifuniko. Ndani ya gari Babu alikuwa anasoma tu. Kila kibao cha barabarani, kwa sauti. "Chambo hai. Kuni kavu. Punguza mwendo, watoto." Bibi anamwambia, "Ndiyo, Waino," na kila mara sauti yake inapungua, hajui acheke au alie.

Tukafika kambini. Babu akashuka, akatazama ziwa kwanza. "Limepakwa nini?" akauliza. "Mbona la buluu?"

Kisha akageuka.

Akaziba jicho la kulia kwa mkono, akatazama karavani kwa la zamani. Akaziba la zamani, akatazama kwa jipya. Akabadilisha tena. La zamani. Jipya. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi.

"Nani," akasema, "kaikojolea karavani yangu?"

Bibi akaketi chini kwenye ngazi za mlango akicheka, miguu mbele kama msichana. Hubert akatoka kwake kuja kuuliza kuna nini, nami sikuweza kumjibu, nilikuwa nimeshika mti.

Babu hakucheka. Akaizunguka karavani pole pole, mkono mgongoni. Akafika upande wa vichakani, kwenye kile kipande changu cheupe. Akakipapasa kwa kiganja, juu mpaka chini. Aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Yule mama wa kigari," akasema. "Nilimwambia ana matatizo ya macho."

"Ulimwambia, Babu."

"Na wewe nilikuwekea fimbo."

"Siku mbili."

Akakohoa. Huko ndiko kuomba radhi kwa watu wa ukoo wetu, zaidi ya hapo anaitwa daktari. "Mtungi uko wapi?" akasema. "Unaifanya vibaya. Umeacha mikwaruzo."

Juni 7

Kumbe nilikuwa naifanya vibaya. Nililowesha ukuta mzima kwa mara moja, nusu inakauka kabla sijaifikia. Babu anaifanya kama korido: mraba mdogo, lowesha, kunywa kahawa nusu kikombe, kwangua, futa, suuza, mraba unaofuata. Hauachi mraba mpaka uwe mtupu. Daktari kamkataza kuinama na kubeba, kwa hiyo anakaa kwenye kiti na miwani myeusi, anavua sehemu za usawa wa kifua, na mimi nachukua juu na chini. Bibi anapita kila saa kumkagua kama anainama. Anainama.

Na anasoma. Anasoma mtungi wa dawa. Anasoma kopo la kahawa mpaka jina la kiwanda. Anasoma maandishi ya fulana yangu, akaniambia hayafai.

Juni 10

Imevuliwa yote! Mapipa mawili ya kitu kama kamasi la zimwi. Chini yake faiba ni nyeupe lakini imekufa ngozi, ukipitisha kitambaa cheusi kinatoka chaki. Sasa ni zamu ya kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia, na mashine ya kung'arishia. Hapa ni uwanja wangu. Mashine inazunguka, unaipeleka bila kuibonyeza, husimami mahali pamoja, la sivyo unaichoma ngozi ya faiba na haina dawa. Nimefanya pande mbili kwa siku moja bila kuchoma hata penye ukubwa wa senti. Babu anafuata nyuma na kitambaa chenye maji, anafuta unga, ananionyesha nilikoruka. Nimeruka mara nyingi. Jicho lake jipya ni adui.

Nilisikia anamwambia Hubert, "Mkono wa kijana ni mwepesi." Nimejifanya sijasikia. Nimeimba siku nzima.

Juni 12

Nta. Mikono miwili, safari hii ya kweli, ya karavani, si ya sakafu. Babu kaipaka mlalo, mimi wima. Unasubiri ipauke, unafuta kwa kitambaa laini, na ukuta unakurudishia uso wako.

Juni 13

Mvua imenyesha saa nzima. Matone yanasimama ukutani kama shanga, kisha yanateleza yenyewe. Tumetoka wote watatu kusimama mvuani kuyatazama. Watu wazima! Hubert kadhani karavani inaungua.

Juni 14

Bi Trudeau kafika baada ya kahawa. Amevaa viatu vilevile safi. Bibi alikuwa amekunja mikono chini ya aproni.

Kitambaa cheusi. Upande wa ziwa: safi. Upande wa barabara: safi. Mbele, pembeni mwa madirisha, chini ya ngazi: safi. Akapanda hata ngazi yetu kutazama paa. Tulikuwa tumeliosha na kulipaka pia, sisi si watoto. Akashuka akakunja kitambaa.

"Nilishaandika barua yenu ya kuondoka," akasema. "Niliiandika Mei." Akaitoa mfukoni, akaichana mara mbili, akaweka vipande mfukoni tena ili asichafue nyasi. "Kiwanja ni chenu msimu huu na ujao, na sitawakagua tena mpaka hapo. Mama yangu naye ana karavani kuukuu, anaishi ndani yake. Nilikuwa naogopa kufika hapa leo."

Nimemwonea yule mama, naandika hapa wazi. Ile sura aliyokuwa nayo tangu Aprili haikuwa majivuno.

 Bibi aliingia ndani, na tukasikia magazeti yanachanwa. Vikombe vinarudi rafuni, kimoja kimoja, mlio baada ya mlio.  Nilitaka kumkumbatia Bi Trudeau, Hubert, kigari.

Watu wa viwanja vya jirani walikuwa wamejikusanya. Bi Trudeau akapitisha kiganja ukutani akauliza kwa sauti, "Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi," nikasema. "Arvid Koskela. Kwa mikono hii miwili, peke yangu."

Wakapiga makofi. Siku tamu kuliko zote maishani mwangu.

Juni 15

Watu watatu wanataka niwafanyie karavani zao. Nimewaambia nitaangalia ratiba.

Juni 17

Babu kaenda sauna mapema, peke yake. Nilipofika alikuwa ameshamaliza. Huwa ananisubiri. Labda kasahau.

Juni 19

Bi Trudeau kabandika picha ya karavani yetu kwenye ubao wa kambi, na chini yake maneno kwa herufi ndogo: kazi ya Arvid Koskela, aliyeifanya peke yake. Nimepita hapo mara kadhaa, kwa bahati tu.

Jioni tulikwenda na Babu kuchukua barafu, tukapita ubaoni. Akasoma, kama anavyosoma kila kitu. "Kuogelea ni kwa hatari yako. Mbwa wafungwe. Kuni zinauzwa ofisini." Kisha akafika kwenye picha. Nikaona jicho lake linakwenda, mstari wa kwanza, mstari wa pili. Hakutoa sauti. Akachukua barafu tukarudi.

Juni 21

Leo ni moto wa katikati ya kiangazi. Rundo la kuni ufukweni refu kuliko sauna, kahawa kwenye masufuria, wazee wanacheza dansi ya kizamani kwenye mchanga, jua halitaki kuzama. Bibi kavaa gauni lake jeupe. Babu kamwambia, "Kumbe ni jeupe," na Bibi kampiga kofi begani. Jicho la pili ni wiki ijayo. Daktari kasema ataendesha gari kabla ya mwezi kwisha. Kiwanja kipo. Vikombe viko rafuni. Nimewaona wawili hawa wakicheza, na pumzi niliyoishikilia tangu Aprili imenitoka yote.

Mtu mmoja mwenye karavani ya kijivu kaja pale motoni, kamuuliza Babu kama anajua namna ya kuvua polishi ya sakafu. Babu kaninyooshea kidole. "Muulize fundi," akasema. Hakukasirika. Alilisema kama mtu anayekuelekeza duka lilipo.

Nimekuja ndani kuandika wakati wao bado wanacheza. Nilikuwa nataka kuandika jinsi nilivyowashinda wote, nimeuma kalamu mpaka imelowa.

Karavani ilipita. Sikuchoma faiba, sikuvunja dirisha, sikuanguka ngazini. Kilichoharibika ni kimoja. Niliulizwa nani kafanya kazi hii mbele ya watu wote, nikasema mimi, peke yangu, na Babu Waino alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa chake kinachuruzika maji mguuni. Sijamwambia kitu mpaka leo.